Kambi ya Ubongo Likizo ya Juni: Kufundisha Kidato cha Tatu kwa Rula, Kioo na Kichwa cha Mbuzi

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kukuchorea seli ya neva, akaweka vishale vyote mahali pake, halafu ukimuuliza ujumbe huchukua muda gani kutoka kifundo cha mguu hadi kichwani akabaki anakutazama. Mada ya uratibu, yaani jinsi neva zinavyoongoza mwili, hupitishwa haraka, na kinachoulizwa kwenye mtihani ni mchoro. Likizo ya Juni inatoa nafasi ambayo ratiba ya muhula haina: siku sita mfululizo bila kengele na bila silabasi ya kukimbizana nayo. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Baiolojia, mwanafunzi wa udaktari aliyerudi nyumbani, au yeyote mwenye vijana ishirini hadi thelathini na fedha kidogo.

Hatua zote hapa chini zinafuata kanuni moja: kipimo kwanza, jina baadaye. Kijana akishapima kitu kwenye mwili wake mwenyewe, jina la kitu hicho hulipokea kwa hamu. Ukianza na majina, utapata daftari safi na macho yaliyolala.

Hatua ya 1: Ruhusa na vifaa

Pata ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, na ofisi ya elimu ya wilaya ijue kama vijana watalala shuleni. Barua kwa wazazi iseme wazi mambo mawili: kwamba kutakuwa na upasuaji wa ubongo wa mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya kitoweo, na kwamba hakuna jaribio lolote la umeme, dawa au njaa litakalofanywa kwa mwanafunzi. Mzazi asikie hayo kutoka kwako kabla hajayasikia yamegeuzwa mtaani.

Vifaa vinaingia kwenye boksi moja: rula kumi za sentimita 30, vioo vidogo vya mezani, njiti za ufagio wa chelewa, selotepu, karatasi nyeupe, glavu, sabuni, wembe au visu vidogo viwili vyenye makali, na simu mbili zenye saa ya kupimia muda. Ukiwa na mfadhili, kuna kifaa kinaitwa SpikerBox, cha kampuni ya Backyard Brains, kinachokuza umeme wa neva za mguu wa mende hadi ukasikika kwenye spika. Ni kizuri sana, lakini kambi haikitegemei.

Mapema kabisa, zungumza na muuguzi au tabibu wa zahanati ya karibu aje siku ya sita. Watu hao wana kazi nyingi, na ahadi ya dakika za mwisho huwa haitimii.

Hatua ya 2: Swali la mwiba

Asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hujafundisha neno, wape karatasi yenye swali moja: "Umekanyaga mwiba pekupeku. Andika kila kinachotokea mwilini mwako kuanzia mwiba kugusa ngozi hadi kusema 'uwii'." Wape dakika kumi na tano, bila majina. Usisahihishe. Zikusanye uzisome usiku huo, kwa sababu ndizo zitakazokuonyesha wanachoamini. Wengi huandika kwamba maumivu hupanda kwenye ubongo, ubongo ukafikiri, kisha ukauamuru mguu uinuke. Hapo pana kosa la kufanyia kazi wiki nzima: mguu huinuka kabla maumivu hayajafahamika, kwa kuwa amri hiyo hutolewa kwenye ugwe mgongo, yaani uzi wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, nayo taarifa ya maumivu ikiwa bado njiani kwenda juu.

Watajuaje kama hilo ni kweli? Hapo ndipo vipimo vinapoanza.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, kasi

Wagawe wawili wawili. Mmoja ashike rula wima kwa juu, mwenzake aweke kidole gumba na cha shahada kwenye alama ya sifuri bila kuigusa. Rula iachiwe bila onyo, naye aidake. Umbali ilioanguka unageuzwa kuwa muda kwa hesabu wanayoijua ya Fizikia: mara mbili ya umbali gawanya kwa 9.8, kisha kipeuo cha pili cha jibu. Sentimita 10 ni sekunde 0.14, sentimita 15 ni 0.175, sentimita 20 ni 0.20, sentimita 25 ni 0.226. Waache wakokotoe wenyewe, kisha wachore grafu ubaoni kwa darasa zima.

Kila mmoja arudie mara kumi na achukue wastani. Sisitiza hilo. Kijana aliyedaka kwenye sentimita 6 mara moja atataka kuandikwa bingwa, na hapo una nafasi ya kueleza kwamba alikisia, na kwamba sayansi ina mazoea ya kutoamini kipimo kimoja.

Baadaye badilisha kitu kimoja kwa wakati. Mdakaji afumbe macho na mwachiaji aguse bega lake huku akiachia. Kisha afumbe macho na mwachiaji aseme "haya!" Kwa kawaida sauti na mguso hushinda jicho kwa makumi machache ya sehemu za elfu moja za sekunde, kwa sababu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchukua muda mrefu zaidi kugeuza mwanga kuwa ishara. Mwisho, mdakaji ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kwa saba kuanzia mia: 93, 86, 79. Rula itapita vidoleni. Mpeleke hapo hapo barabarani: bodaboda anayekwenda kilomita 60 kwa saa anasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Dereva halisi, anayepaswa kuona hatari, kuamua na kufika kwenye breki, huhitaji sekunde nzima au zaidi, na mwenye simu sikioni ni yule aliyekuwa akihesabu kwa saba.

Mchana ni zamu ya jaribio ninalolipenda kuliko yote katika kambi hii. Vijana wakae sakafuni kwenye mduara, kila mmoja mkono kwenye bega la jirani, wote macho wamefumba. Kiongozi anabinya bega la jirani na kuwasha saa kwa wakati mmoja. Anayebinywa anambinya anayefuata. Binyo likimrudia kiongozi, anazima saa. Warudie mpaka muda uache kupungua, maana mwanzoni wanajifunza mchezo wenyewe. Kisha kila mmoja ashike kifundo cha mguu cha jirani badala ya bega, warudie vilevile. Wasichana wawe na mduara wao na wavulana wao. Hupunguza aibu, na unapata takwimu za makundi mawili ya kulinganisha.

Muda wa vifundo utakuwa mrefu zaidi. Toa muda wa mabega, gawanya kwa idadi ya watu, na unapata muda wa ziada ambao ujumbe wa mtu mmoja umetumia kusafiri kutoka mguuni badala ya begani. Pimeni kwa futikamba tofauti ya umbali hadi kichwani, ambayo huwa kama mita moja na kidogo. Umbali gawanya kwa muda: mmepata kasi ya neva. Kama mduara una watu ishirini na tofauti ya jumla ni karibu nusu sekunde, jibu linaangukia kati ya mita 40 na 50 kwa sekunde. Likitoka 20 au 90 si balaa. Neva za mwili zina kasi tofauti, kuanzia chini ya mita moja kwa sekunde kwa baadhi ya zile zinazobeba maumivu hadi zaidi ya mita 100 kwa nyuzi nene zenye ala ya mafuta ya mielini. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya mguso wa mwiba utangulie na uchungu wake ufuate.

Sasa, na si kabla, wape hadithi ya mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz. Mwalimu wake, Johannes Müller, aliamini kwamba kasi ya neva haitapimika kamwe. Mwaka 1850 Helmholtz aliipima kwenye mguu wa chura, akapata karibu mita 27 kwa sekunde. Vijana wako wamefanya hesabu ya aina ileile, kwa vifundo vya miguu na simu.

Hatua ya 4: Siku ya pili, ujumbe wenyewe ni nini

Wapange wanafunzi kumi na watano kwenye mstari uwanjani. Wote kwa pamoja ni aksoni moja, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, na kila mmoja ni kipande cha utando wake. Sheria ni tatu. Jirani yako akiinua mikono, nawe inua, juu kabisa. Ukishaishusha, huwezi kuinua tena mpaka uhesabu moja, mbili. Hakuna kuinua nusu.

Anzisha mwisho mmoja: wimbi linapita hadi mwisho wa pili na halirudi nyuma, kwa kuwa waliopita bado wanapumzika. Anzisha katikati: linakwenda pande zote mbili. Anzisha miisho yote miwili kwa pamoja, na kabla hujafanya hivyo waulize kitatokea nini. Wengi watasema mawimbi yatapishana. Yakikutana yanazimana, kwa sababu kila moja linakuta watu waliochoka, na ndivyo inavyotokea kwenye neva halisi. Kisha mguse wa kwanza kwa nguvu zaidi: wimbi halibadiliki. Basi ubongo unajuaje kwamba mwiba umechoma kwa nguvu? Waache wahangaike na swali hilo. Mara nyingi atatokea mmoja atakayesema, "Tutume mawimbi mengi." Hilo ndilo jibu alilolionyesha mwanasayansi Mwingereza Edgar Adrian, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington. Mwisho, waambie wanaoruhusiwa kuinua mikono ni kila mtu wa tatu tu. Wimbi linaruka, na mielini haihitaji tena maelezo marefu.

Ubaoni ndipo uweke tarakimu. Ndani ya seli iliyotulia kuna kama milivolti 70 hasi ukilinganisha na nje. Milango ya sodiamu ikifunguka, ioni zinaingia, ndani panakuwa chanya kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha potasiamu inatoka na hali inarudi. Pampu hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, mchana na usiku. Kazi hiyo ni sehemu kubwa ya sababu ya ubongo, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, kutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Seli hizo za neva ni takribani bilioni 86 kwa mtu mmoja.

Hatua ya 5: Siku ya pili mchana, sumu tatu

Sinapsi, yaani pengo ambapo neva hupitisha ujumbe kwa seli nyingine, hufundishwa vibaya kwa sababu hufundishwa kama mchoro wa tano baada ya minne. Ifundishe kwa sumu ambazo vijana wa shamba wanazijua.

Eleza kwanza jaribio la mwanasayansi Otto Loewi la mwaka 1921. Alichukua mioyo miwili ya chura, akaichochea neva ya mmoja mpaka ukapunguza mapigo, kisha akachota maji yaliyouzunguka na kuyamwagia ule wa pili. Nao ukapunguza mapigo, bila neva yoyote kuuamuru. Kilichopita kutoka moyo hadi moyo kilikuwa kemikali, ambayo leo tunaiita asetilikolini. Kemikali hiyohiyo ndiyo neva zinayotumia kuiamuru misuli ya mikono, miguu na kifua.

Sasa chora pengo kati ya neva na msuli, uwaulize: mkulima amepulizia pamba au kahawa bila kujikinga, anatokwa na mate, machozi, mboni zimekuwa ndogo, misuli inatetemeka kisha inalegea, anashindwa kupumua. Nini kimeharibika? Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kwa hiyo inajaa kwenye pengo na haiondoki. Hospitali hutumia atropini, inayoziba vipokezi vya asetilikolini kwenye tezi, moyo na njia ya hewa. Sumu ya swila hufanya kinyume: inakalia vipokezi vya msuli, asetilikolini inatolewa lakini haisikiwi. Sumu ya koboko ina, pamoja na mengine, kiambata kinachoziba milango ya potasiamu kwenye neva yenyewe, hivyo neva haipumziki na inaendelea kumwaga asetilikolini.

Kila kundi lichore sumu yake kwenye manila na lieleze wenzao. Watauliza la kufanya mtu akiumwa na nyoka. Jibu ni kumtuliza, kukitegemeza kiungo kisichezecheze, na kumkimbiza hospitali. Hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba. Usiache swali hilo lipite bila jibu.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, kichwa cha mbuzi

Nenda machinjioni siku nne au tano kabla. Mchinjaji kwa kawaida hupasua kichwa cha supu kwa shoka katikati. Mweleze unachotaka na umlipe kwa usumbufu. Chukua ubongo mmoja mzima, uliotolewa kwa kukatwa fuvu pembezoni, na kichwa kimoja kilichopasuliwa nusu kwa nusu. Ubongo mbichi ni laini kama parachichi lililoiva na utavunjikia mikononi, kwa hiyo ule mzima utumbukize kwenye spiriti, kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, hadi siku ya kazi. Utakuwa umekaza na kukatika vizuri. Nusu kichwa kiletwe kibichi asubuhi ileile. Formalini usiiguse: mvuke wake ni hatari na darasa la kawaida halina mahali pa kuitumia. Chagua mbuzi au kondoo, ili mwanafunzi wa dini yoyote aweze kushiriki. Asiyetaka kugusa asilazimishwe. Achore na kuandika kumbukumbu.

Kila mtu glavu, hakuna chakula mezani, na baada ya kazi sabuni na mabaki kufukiwa shimoni.

Anza na nusu kichwa. Waonyeshe ubongo ulivyokaa ndani ya nyumba ya mfupa, kisha utando mgumu unaoufunika, ambao mtu anaweza kuuvuta kwa vidole na usichanike. Tando hizo ndizo zinazoshambuliwa na homa ya uti wa mgongo. Wasukume kidole kwenye uwazi ulio ndani, ventrikali, palipokuwa na maji. Maji hayo yakizibwa njia kwa mtoto mchanga, kichwa hukua kupita kiasi. Hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, ilijulikana duniani kwa kazi ya Benjamin Warf, aliyeendeleza hapo upasuaji wa kamera unaofungua njia mpya ya maji bila kumwachia mtoto mpira wa kudumu mwilini. Ongeza hapo hapo mgongo wazi, na kwamba asidi ya foliki kwa mama, kabla ya mimba na katika wiki zake za kwanza, hupunguza hatari yake. Kati ya wasichana ulio nao, baadhi watakuwa kina mama miaka michache ijayo.

Kisha ubongo mzima. Pima uzito kwenye mizani ya duka: gramu mia moja na kitu, dhidi ya kilo 1.3 au 1.4 za mtu mzima. Waulize: kipi ni kikubwa kwa mbuzi kuliko wanavyotarajia? Ni balbu za harufu, mbele kabisa upande wa chini. Kipi kidogo? Sehemu ya mbele ya gamba la ubongo. Waone neva za macho zinavyokutana na kupishana chini. Kata ubongo mdogo wa nyuma, serebelamu, wima: ndani kuna matawi meupe ambayo huamsha darasa zima kila mara. Kata ubongo mkubwa kwa kukingama, waone tabaka la kijivu nje na jeupe ndani, na waeleze wenyewe, kwa walichojifunza uwanjani, kwa nini eneo lililojaa mielini ni jeupe. Mielini ni mafuta.

Usijaribu kufundisha kila sehemu. Sita zinatosha.

Hatua ya 7: Siku ya nne, ngozi na jicho

Funga njiti mbili za chelewa kwenye rula kwa selotepu, pengo likibadilishwa. Mwenye kupimwa amefumba macho, aseme anahisi moja au mbili. Kwenye ncha ya kidole atatenganisha milimita 2 au 3. Kwenye mgongo au mkono wa juu njiti zinaweza kuwa mbali sentimita 3 hadi 4 na bado akasema "moja." Wachore mwili wa binadamu ambao kila kiungo ukubwa wake unalingana na wembamba wa hisia yake. Utapata jitu lenye midomo na mikono mikubwa na mgongo mdogo, na baada ya kicheko uwaambie kwamba Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa Montreal, aliipata ramani ya namna hiyo kwenye gamba la ubongo alipokuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho.

Leta ukurasa wa nukta nundu kama kuna shule jirani yenye wanafunzi wasioona. Bora zaidi, alika mmoja wao awasomee. Nukta za herufi moja zimeachana kama milimita 2.5, kipimo ambacho darasa limetoka kukipata kwenye ncha ya kidole. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba kwa waliokuwa vipofu tangu utotoni, eneo la ubongo la kuona hufanya kazi wanaposoma kwa vidole.

Doa pofu ni la dakika tano: chora msalaba kushoto na nukta nzito kulia, sentimita 8 kati yao. Fumba jicho la kushoto, tazama msalaba kwa la kulia, sogeza karatasi. Kwenye kama sentimita 30 nukta inatoweka. Sasa pitisha mstari juu ya nukta na urudie. Mstari hauonekani kukatika, kwa kuwa ubongo unajaza pengo. Hapo kaa kidogo. Vijana huja wakiamini jicho ni kamera, na kuiacha imani hiyo huwachukua muda.

Hatua ya 8: Siku ya tano, kioo na kumbukumbu

Chora nyota yenye mistari miwili sambamba. Mwanafunzi apitishe kalamu katikati ya mistari akitazama kioo tu, mkono umezibwa kwa kitabu. Mara ya kwanza ni mateso. Wahesabu makosa na muda, mara tano asubuhi na mara tano jioni, wachore mkunjo wa kujifunza. Hakikisha jaribio la kwanza linafanyika siku ya nne jioni, ili waone kwamba baada ya usingizi mkono haujasahau.

Kisha simulia habari za Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji Marekani kutibu kifafa kikali, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake mbili, sehemu za ndani ya ubongo, ikaondolewa. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hakuweza kujenga kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa nyota na kioo, siku baada ya siku. Kila siku Henry hakukumbuka kuwahi kuiona nyota hiyo, na kila siku mkono wake ulikuwa bora. Alifariki 2008, na ni wakati huo tu jina lake kamili lilipotangazwa. Kabla ya hapo vitabu vilimwita H.M. Mpe heshima yake kwa kumtaja kama mtu aliyekubali kupimwa kwa zaidi ya miaka hamsini.

Kwa saa iliyobaki, soma maneno ishirini ya kawaida (ndoo, embe, barabara…), waandike wanayokumbuka, na uchore ubaoni ni wangapi walikumbuka neno la kwanza, la pili, hadi la ishirini. Miisho miwili itapanda, katikati itazama. Rudia kwa orodha nyingine, safari hii wahesabu kurudi nyuma kwa nusu dakika kabla ya kuandika: mwisho unaporomoka, mwanzo unabaki. Wenyewe watasema kwamba kuna kumbukumbu za aina mbili.

Hatua ya 9: Siku ya sita, kifafa

Kama kambi ingekuwa ya siku moja tu, ningefundisha hii. Watoto wenye kifafa huachishwa shule, hulishwa peke yao, huitwa wenye mapepo, na hufa kwa kuungua au kuzama kwa sababu waliosimama pembeni waliogopa povu. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, mate wala kugusana. Ni seli nyingi za neva kufyatua kwa pamoja, na vijana wako sasa wanajua kufyatua ni nini: wapeleke uwanjani, wapange kwenye kundi badala ya mstari, kila mtu ainue mikono yeyote aliye karibu naye akiinua, waone vurugu inavyosambaa.

Muuguzi aeleze sababu zinazopatikana kwetu: majeraha wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, ajali za kichwa, na mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo yakimezwa kwenye chakula au maji machafu huzaa viluwiluwi wanaoweza kukaa ubongoni. Kule Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwatibu watu wenye kifafa waliokuwa wametengwa, akawaeleza kwa maandishi watoto waliokuwa wakitikisa vichwa, tatizo ambalo watafiti wa baadaye walilihusisha na ugonjwa wa usubi (upofu wa mto). Fenobabitali, dawa iliyotumika tangu 1912, bado ni nafuu na huwatuliza wengi wanaoitumia bila kukatiza.

Kisha mazoezi, wawili wawili sakafuni: ondoa vitu vya hatari, weka nguo laini chini ya kichwa, mgeuze upande, tazama saa, kaa naye mpaka fahamu zirudi. Usimkamate kwa nguvu. Usimwekee kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, hospitali. Kila kijana afanye mpaka muuguzi aridhike. Na usimwulize yeyote kama ana kifafa au kama nyumbani kwao kuna mgonjwa. Ukifundisha kwa heshima, mwenye jambo atakufuata mwenyewe jioni.

Kuhusu degedege, usidharau anachosimulia bibi. Anaelezea kwa usahihi mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho. Waambie wakamwambie bibi kwamba mtoto huyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni malaria iliyofika kichwani. Kwa vijana wa maeneo ya muhogo mchungu, kama Mtwara, ongeza konzo: muhogo usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo, pamoja na upungufu wa protini, huharibu njia za neva za kutembea, na miguu hukakamaa moja kwa moja.

Hatua ya 10: Wazazi, na daftari la mwaka ujao

Mchana wa siku ya sita wape tena swali la mwiba, kisha uwarudishie karatasi zao za kwanza, wajisahihishe wenyewe. Usiweke alama.

Jioni wazazi waje. Hakuna hotuba ndefu: meza ya rula, meza ya kioo, meza ya manila za sumu, na mkeka wa kifafa, kila moja ikiendeshwa na wanafunzi. Mkeka uwe karibu na mlango ili kila mzazi aupite. Takwimu zote za kambi, pamoja na zilizotoka vibaya, ziandikwe kwenye daftari moja gumu linalobaki shuleni ndani ya boksi la vifaa. Weka idadi ya watu kwenye mduara, tofauti ya umbali mliyotumia, na muda wa kila mzunguko. Kundi la mwaka ujao lipewe daftari hilo siku ya pili, baada ya kupima kasi yao wenyewe, na kazi yao ya kwanza iwe kutafuta kwa nini namba mbili hazilingani.